Kijiko cha Ubwa

Khairiya alikiacha kijiko kabatini kwa makusudi. Mumewe, Ubwa, hali ila kwa kijiko chake na sahani yake; chakula kikimteleza mkononi, mwili wote humsisimka. Daktari aliwaeleza kuwa ni usonji, ndivyo alivyoumbwa, na Khairiya alimpenda hivyo hivyo. Lakini siku ile ya Idi walialikwa kwa mama yake Khairiya, mtaa wa Ng'ambo, naye akataka mumewe afanane na waume wa wenziwe japo kwa mlo mmoja.

Sinia la wali liliwekwa mkekani, katikati yake mchuzi wa pweza. Ubwa akatazama mkoba wa mkewe.

"Kijiko?"

"Nimesahau." Uongo ule ulimchoma ulimi, na mwezi wa toba ndio kwanza umekwisha.

"Shemegi, unatuonea kinyaa?" akauliza Wakil, kaka yake Khairiya. "Tunanuka?"

"Nyinyi hamnuki. Pweza ndiye ananuka."

Wakil akacheka. Akafinyanga tonge, akalibandika kipande cha pweza, mchuzi ukimchirizika hadi kwenye kiwiko. "Bwana harusi hulishwa! Fungua mdomo!" Akamshika taya, akalisukuma tonge kwa vidole viwili mpaka ndani. Watu wakapiga makofi.

Ubwa akatapika juu ya sinia.

"Astaghfirullah!" akamaka mama, Bi Nasima. "Khairiya, mumeo atuombe radhi sasa hivi, au usimlete tena hapa!"

Khairiya alitazama matapishi juu ya wali, hayakumchefua. Kilichompandisha nyongo ni Wakil, aliyekuwa akilamba vidole vile vile huku bado anacheka. Kisha akakumbuka kabati, akajichukia mwenyewe.

"Wa kuombwa radhi ni mume wangu," alisema. "Kijiko sikukisahau, Ubwa. Nilikiacha. Niliona haya."

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Nisamehe."

Alitamani kumfuta mdomo, lakini Ubwa hapendi kuguswa uso. Akampa leso, akainuka naye.

"Ukitoka, umetoka!" mama akamwambia.

"Nakuombea kheri, mama," akajibu, akavaa viatu.

Uani, Ubwa alisukutua mara nyingi. Khairiya naye, aliyekuwa ameshaanza kula, alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kama anayetia udhu, akamnyooshea mkono. Ubwa akaunusa kwanza.

"Bado pweza."

Khairiya akafungua tena mfereji.