Mashati ya Mikono Mirefu

Mume wangu alikuwa mtu wa kujisifu, tena sana. "Sisi hatuugui," alikuwa akisema, "dawa tunaivuta bure kwa pua." Kiwandani alisimamia mashine inayojaza unga wa penisilini kwenye kapsuli, na kila siku alirudi nyusi nyeupe kama katoka kusaga unga. Barakoa waligawiwa, lakini chumba kile kina joto, kila mtu ameishusha kidevuni.

Kisha akaanza kuwashwa. Mikono ikajaa madoa mekundu, kifua kikawa kinambana. Akipata likizo yanapotea. Akirudi kazini, yanarudi naye. Nikamwambia, "Baba Pacha, hiyo kazi inakukataa." Akanijia juu! Kiwandani mwenye madoa wanamwita "mbichi", na mbichi haongezewi mkataba. Basi wote huvaa mashati ya mikono mirefu, joto lote lile, na hakuna anayemuuliza mwenzake.

Mwezi uliopita koo likamvimba, homa ikapanda. Nikamkokota hadi zahanati ya kiwanda. Muuguzi akamuuliza kabla ya sindano, "Penisilini imewahi kukudhuru?"

"Aa, sista! Mimi si ndiye ninayeitengeneza?"

"Sista, huyu anawashwa mikono yote," nikadakia.

Mume wangu akanikanyaga mguu, akamchekea muuguzi. "Kunguni wa kwake hao. Mwambie aanike godoro."

Watu kwenye benchi wakaangua kicheko. Nilichemka. Nikamshika shati nimpandishe mkono, wote waone. Akajinasua, akaingia ndani, akafunga mlango.

Haikupita muda nikasikia kiti kikianguka. Nilipoingia, uso umemvimba, midomo imebadilika rangi, anatafuta pumzi haipati. Wakamchoma dawa nyingine, wakamkandamiza kifua. Wapi! Mume wangu akanifia pale sakafuni na viatu vyake miguuni.

Daktari alinieleza taratibu. Unga ule aliouvuta miaka yote uliufanya mwili wake uikatae penisilini. Angesema tu, angepewa dawa nyingine akapona. Jamani, neno moja! Nilimlilia na kumtukana kwa pumzi ileile.

Msibani wenzake walikuja wakakaa ukutani, mchana wa jua kali, vifungo vimefungwa hadi kwenye vifundo vya mikono. Kati yao alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayefanya kazi chumba kilekile. Alikuwa akijikuna kwa kuibia. Mama mkwe sasa amebakiwa na huyo mmoja tu.

Sikumwomba shemeji ruhusa. Nikamfungua kifungo, nikapandisha shati hadi kiwiko. Madoa matupu.

"Shemeji, mama yako yuko hapa anakuangalia," nikasema. "Mwambie hiki ni nini."

Akamtazama mama yake. Kisha akatazama mlangoni, alikosimama msimamizi wao na bahasha ya rambirambi mkononi. Akashusha shati, akafunga kifungo.

"Kunguni tu, shemeji."