Karanga Tatu za Juu

Miaka kumi na miwili nimewalisha watu wanaoondoka, mwenyewe nikabaki. Treni ikisimama Tabora nainua sinia la kashata hadi dirishani, mkono unachukua, treni inakwenda zake, nami narudi Gongoni miguu ikiniwasha. Babu yangu Luhende alikuwa mpagazi. Alitembea hadi Bagamoyo mara nne na pembe ya ndovu begani, akarudi na shuka, kikohozi na hadithi. Pembe zilibaki kwa tajiri mwenyewe. Mimi nilirithi muwasho wa miguu.

Basi mwaka ule wa Azimio, vijana thelathini walipojiandikisha kutembea hadi Dodoma kuliunga mkono, nilifika ofisi ya chama kabla ya mfagizi. Walitaka chakula kisichohitaji sufuria, cha kutafuna njiani, na atakayekitengeneza angekwenda nacho. Mtu mmoja tu. Tukajitokeza wawili: mimi, na Jenabai wa Kanyenye, mjane mwenye duka la vitambaa, ambaye chiki zake za karanga na sukari guru zimekuwa zikivunja watu meno tangu enzi za Mwingereza.

"Shoga, nawe utatembea?" nikamwuliza. "Wewe ambaye kutoka dukani hadi msikitini unapumzika mara mbili?"

"Mara tatu," akasema. "Lakini chiki zangu hazina magoti mabovu."

Mwamuzi alikuwa Bwana Shaban wa lishe. Ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu. Sisi Wanyamwezi na watu wa pwani tulianza kutaniana huko huko njiani, zama za misafara. Mtani anakunyang'anya kuku, anawatukana marehemu wako, nawe unacheka. Kisha unakwenda kumkomboa kuku wako kwa kitu kidogo na tusi kubwa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Shaban akaweka mizani mezani. "Sikilizeni. Asali na ulezi vinatia nguvu za haraka. Karanga inajenga mwili na inakaa tumboni. Ina protini. Mtembezi asiyejengwa anabomoka. Wewe Ng'washi, nataka vikombe viwili vya karanga kwa kimoja cha ulezi, na asali ya kushikia tu."

"Protini," nikasema. "Si ile stesheni iliyo mbele ya Itigi?"

"Ndiyo hiyo. Babu yako alifukuzwa pale kwa wizi wa mtama."

Tukakubaliana vijana sita wafanye jaribio hadi Goweko, mwendo wa siku mbili. Watatu wale zangu, watatu wale za Jenabai, nami niandamane nao. Shaban angetangulia kwa treni.

Ilikuwa Oktoba, karanga zimeadimika sokoni, ila mimi nilikuwa na debe moja nyumbani. Siku moja kabla ya safari, mchana kweupe, Shaban alipita kwangu, akanywa maji, akaisifu nyumba, akajitwika lile debe kichwani, akatoka.

"Nimeteka mzigo wa msafara!" akatangaza barabarani. "Ukiutaka, uje kwangu upige magoti, uniite Babu mbele ya wake za watu!"

Majirani walicheka. Mimi nilicheka hadi machozi. Kisha nikakaa chini.

Mnyamwezi yeyote angekwenda na jogoo aliyekonda, akapiga magoti huku anatukana, akarudi na debe lake. Niliinuka mara tatu kwenda. Mara tatu nikarudi. Nilishapiga magoti mbele ya askari wa stesheni aliyemwaga sinia langu, na mbele ya karani aliyeninyima kibali, nikiitwa mama huku nasukumwa. Sasa magoti yangu yalikuwa hayajui tena lipi ni la mzaha na lipi si la mzaha.

Nikatengeneza nilivyoweza. Ulezi wa kukaanga, asali tele, na kiganja kimoja cha karanga nilizokwangua kwenye gunia la zamani. Sikuzichanganya. Nilizipanga juu, tatu tatu kwa kila kashata. Zilipoganda ziling'aa hata nikajiaminisha. Kutembea ni nguvu, nikajiambia, na asali ni nguvu. Hiyo protini nani amewahi kuiona?

Asubuhi ya kwanza watatu wangu walikwenda mbio wakiimba. Wa Jenabai walifuata nyuma wakitafuna kwa kelele kama mbuzi.

"Nyie wa Kanyenye," nikawachokoza, "tuwaletee punda?"

Kabla ya adhuhuri wangu waliomba tena. Saa kumi wakaomba tena. Tulipofika Igalula kulala, akiba yao ya siku mbili ilikuwa imebaki makombo, na wawili walikuwa wakigombea mkeka.

Siku ya pili jua lilitoka na hasira. Lugembe, yule mkubwa wao, jitu la kung'oa visiki, akaketi juu ya kichuguu.

"Shikamoo, mama."

"Umeshaniamkia leo."

"Najua. Nilikuwa naanzia mbali. Naomba kashata."

"Zimekwisha, baba."

"Ni tamu, sikatai." Akajifuta jasho. "Lakini inapanda kama moto wa nyasi kavu. Ikizima, inazima pamoja na magoti yangu."

Kijana mmoja wa Jenabai akamvunjia chiki yake nusu bila kuombwa. Lugembe akatafuna polepole, akanywa maji, na baada ya muda akaweza kusimama. Nikajitwika mzigo wake. Njia ile ile ya Babu, mzigo kichwani, na sikuwa na wimbo wowote.

Goweko, Shaban alikuwa ameketi barazani pa stesheni na mizani yake. Pembeni pake lilikuwepo debe langu, limefungwa kamba, halijaguswa.

"Nilikungoja hadi adhana ya magharibi," akasema. "Mke wangu alishachemsha chai. Mtani gani haji kukomboa?"

Nikashusha mzigo wa Lugembe. Akaokota kombo la kashata lililosahaulika chini ya mkoba wangu, akalipasua katikati, akatazama ndani. Akawatazama vijana. Uso wa mzaha ukamtoka.

"Kosa ni langu," akasema chini kwa chini. "Karanga nilizichukua mimi. Naweza kuandika kwamba ulifuata kipimo tulichopatana, vikombe viwili kwa kimoja, na kwamba kashata zako zimefaa. Wewe utajua, nami nitajua."

Dodoma ilikuwa pale pale, kwenye ncha ya kalamu yake. Nikageuka. Lugembe alikuwa chini, anajikanda vigimbi vya miguu, na wenzake ishirini na tisa wangelishwa uongo huo huo, mbali kuliko Goweko.

"Andika ilivyo," nikasema kwa sauti, wasikie wote. "Ulezi vikombe sita. Asali vitatu. Karanga kiganja kimoja. Zile za juu ni pambo."

Akaandika. Nikapiga magoti kwenye kokoto za stesheni.

"Babu Shaban, mla makombo ya misafara, nipe debe langu."

Lugembe ndiye aliyeanza kucheka.

Zilishinda za Jenabai, na hakuna aliyebisha. Siku tatu baadaye alikuja kwangu Gongoni kwa miguu, akipumua kama treni mlimani.

"Nimepumzika mara nne," akasema, akajitupa kwenye kiti. "Na huko Dodoma ni mbali kupita Gongoni, nimeambiwa. Nimezungumza na Bwana Shaban. Utazibeba wewe."

"Mimi?"

"Debe lako litaingia kwenye chiki zangu, utamenya mwenyewe. Na popote mtu atakapouliza ni za nani, utataja jina langu. Lote, na duka."

"Shoga, hiyo ni adhabu."

"Ndiyo."

Nilimenya karanga siku mbili. Tulitoka Tabora alfajiri, vijana thelathini na mimi, kapu la chiki kichwani. Igalula mama mmoja alitokea na mtungi wa maji, nikampa kipande. Akakitafuna, akafumba macho.

"Umetengeneza wewe?"

Miguu ilikuwa inaniwasha, vijana wameshaanza kupotelea kwenye miti.

"Hapana, mama," nikasema nikiwakimbilia. "Ni ya Jenabai wa Kanyenye, duka la vitambaa. Angalia meno."