Kikohozi Baada ya Amina

Kila Jumatano, akina mama wa sala wakishaitikia "Amina" pale kwa Teresina, mtaa wa New Site, Juba, kasuku naye hukohoa. Kikohozi kizito cha kifuani, kile kile cha Pitia, marehemu mume wa Teresina. Na Mama Lilly, mkubwa wa kundi, hakosi neno: "Haya, mzee ameitikia!" Wenzake hucheka mpaka vitambaa vya kichwa vinalegea. Teresina hujifanya kukasirika, lakini rohoni ameshiba. Pitia walimzika kabla ya mvua, na bado yumo nyumbani.

Kasuku aliitwa Shukuru. Pitia alimlea tangu kinda, wakati wa ukimbizi kule Arua, Uganda, akarudi naye Juba akimbeba mapajani kama mtoto. Tundu lake lilikaa sebuleni, karibu na kichomeo cha bakhuri, ule udi wa kunukiza nyumba. Nyumba ya sala isiyonukia ni aibu, na mjane husemwa upesi. Basi Teresina alifunga madirisha kuzuia vumbi, akatia makaa, akatia bakhuri, moshi ukajaa hadi kwenye mabati.

Jumatano ile Sanyu aliingia na birika la chai. Ni Mganda, bado kijana, anayeuza chapati langoni pa Teresina. Aliweka birika chini, akainama mbele ya tundu.

"Mama, hii ndege iko mgonjwa," alisema. "Ona mkia. Ikivuta pumzi, mkia inapanda, inashuka. Na pua iko na maji. Hii kikohozi si ya kuiga."

Akina mama waligeuka wote. Teresina alihisi uso ukimwaka.

"Kikohozi hicho nimelala nacho kitanda kimoja tangu ujana wangu," alimjibu. "Wewe utanifundisha? Nenda kapindue chapati zako zisiungue."

Walicheka. Sanyu alichukua birika lake akatoka.

Ubaya ni kwamba Teresina alikuwa ameuona ule mkia. Hakuna kilichompita, mjane akifumba macho huibiwa hata chumvi. Aliona manyoya ya juu ya pua yameloa na kugandamana. Aliona mtama unabaki kwenye kikopo. Na alijua jambo lingine ambalo Sanyu hakulijua: Shukuru alipomwiga Pitia, alimaliza daima kwa maneno ya Pitia, "Ee Mungu wangu." Kikohozi hiki cha siku hizi hakikuwa na maneno. Kilikatika tu. Lakini akikubali kwamba ni ugonjwa, basi aliyekuwa akikohoa wiki zote hizi si Pitia. Kwa hiyo akaongeza bakhuri.

Asubuhi yake Shukuru hakumwamkia. Alimkuta sakafuni mwa tundu, amejivimbisha manyoya, mdomo wazi, kila pumzi ikilia kama mlango mbovu. "Shukuru," alimwita. Ndege alimtazama kwa jicho moja, akashindwa hata kupanda kijiti chake.

Teresina hakumjua daktari wa ndege. Aliyeweza kumjua alikuwa pale langoni, na kutoka mlangoni hadi langoni kulimwia mbali kuliko soko la Konyo Konyo.

Sanyu alimwona amekumbatia tundu. Akafuta mikono ya unga.

"Malesh, binti yangu," Teresina aliomba radhi, macho chini.

"Mimi napika tu chapati," Sanyu alisema. Kisha akazima jiko. "Lete. Usifunike yote, itakosa hewa. Iko daktari ya wanyama kule mtaa wa Malakia, alitibu mbwa ya kaka yangu."

Wakapanda boda wote wawili, tundu katikati.

Daktari, jina lake Albino, alimsikiliza ndege kwa muda mrefu. "Nyumbani kuna moshi?" aliuliza.

"Vumbi tu," Teresina alisema.

Daktari aliinua kitambaa cha tundu, akakinusa. "Mama, hiki kinanukia kuliko bibi harusi."

Sanyu alitazama ukutani. Heri angecheka.

"Ni bakhuri," Teresina alisema, sauti ikiwa ndogo. "Ninafunga na madirisha. Na mkia niliuona, daktari. Niliuona kabla ya huyu kuniambia."

"Ndege huficha ugonjwa mpaka ashindwe kuuficha," daktari alisema. "Hewa yake haiishii mapafuni kama yako, inaingia kwenye vifuko mwilini mote, na moshi unaifuata. Ukiona mkia unapiga pumzi, usingoje kesho." Alimpa dawa ya matone, akamwambia amweke mahali penye joto na hewa safi, asimpe vidonge vya watu. Kupona hakuahidi.

Jumatano iliyofuata Mama Lilly alikuja na kichomeo chake mwenyewe, kimeshika moto. Teresina alimzuia mlangoni.

"Leo hakuna moshi. Tutasali nje, kivulini chini ya rakuba."

"Kwa sababu ya ndege? Nyumba ya Mungu isinukie?"

Teresina alimtafuta Sanyu kwa macho, akamwona na birika lake. "Sanyu aliniambia mbele yenu kwamba Shukuru anaumwa. Nikamdharau mbele yenu, nanyi mkacheka, na mimi nilijua anasema kweli. Kosa ni langu. Nisamehe, Sanyu."

Hakuna aliyecheka. Mama Lilly aliyamwagia makaa maji.

Walisali uani. Shukuru alikuwa dirishani, dirisha wazi, amepanda kijiti cha chini. Waliposema "Amina," Teresina alitega sikio kabla hajajizuia.

Kimya. Mkia ulikuwa umetulia.

"Ee Mungu wangu," Teresina alisema mwenyewe, akajifunika uso kwa kitambaa. Sanyu alimsogezea kikombe cha chai, akakaa naye.