Mshale Kwenye Geti

Linah aliuona alipotoka kumwaga maji: mshale wa rangi nyekundu kwenye geti lake, na chini yake namba kumi na moja. Ndoo ilimponyoka. Uchaguzi ulikuwa umebakisha wiki tatu, na hapa Yamumbi hakuna asiyejua maana ya alama ya geti. Mwishoni mwa 2007 walichorewa nyingine, ya mkaa. Mumewe, Lawrence, aliicheka, akasema ni mchezo wa watoto. Siku tano baadaye nyumba iliteketea naye akiwa ndani.

Akatazama geti la Jemutai, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Lilikuwa safi kabisa. Jemutai ni mwenyeji, Linah ni wa kuja, na miaka kumi na minne ya kuombana chumvi ikamtoka kichwani mara moja. Usimcheke. Wewe hukukaa miezi saba kambini chini ya turubai.

Aliisugua ile alama kwa mafuta taa hata vidole vikamwasha. Jemutai alimsalimia, yeye akaingia ndani bila kujibu. Akafunga nguo, picha ya Lawrence, na bahasha yenye hati ya shamba.

Saa nane mchana akasikia sululu. Akachungulia dirishani. Wanaume wanne walikuwa wakichimba mtaro kuelekea kwa Jemutai, na geti la Jemutai sasa lilikuwa na mshale mwekundu uliopindapinda, na namba kumi na moja. Linah akatoka, bahasha kifuani.

Wangila, fundi mwenye mzingo wa waya mweusi begani, ndiye aliyemweleza yeye na Jemutai, aliyekuwa amesimama getini kwake. Mshale unaonyesha mahali pa kuingizia faiba, ule waya wa kioo unaoleta intaneti. Miaka michache tu, alisema, hata daktari atakuwa akimwona mgonjwa kupitia huo. Namba kumi na moja ni ya Linah. Hapo Linah akakumbuka fomu aliyotia sahihi kanisani mwezi wa nne, ili awe akiwaona wajukuu wake wa Kitale wakizungumza.

“Sasa hapa ni nani alichora?” Wangila akauliza. “Hii nyumba haiko kwa list yetu.”

Jemutai akatazama vidole vyake, bado vyekundu kwa rangi ya mabati.

“Ni mimi. Nilidhani ni ile ya zamani,” akasema. “Nikaona wakikuja, wasikupate peke yako.”

Linah aliona aibu hata akashindwa kuinua uso. Wangila akauliza kama wafukie mtaro wahamie ng'ambo. Linah akamwambia wauache; waya uingie kwa Jemutai, yeye atakuwa akivuka barabara kuzungumza na wajukuu.

Kisha akampa Jemutai bahasha amshikie, akarudi kuchukua mafuta taa yaliyobaki. Akapiga magoti mbele ya geti la jirani yake, akaanza kusugua, kwa maana kura bado ilikuwa wiki tatu.