Hema la Sajini Dumo

Mjini Koboko hakukuwa na mtu aliyejua kufungasha safari kama Rabia, na hakuna hata moja kati ya safari hizo iliyokuwa yake. Alipokuwa msichana alimfungia baba yake, Sajini Dumo, unga, chumvi, taa na mablanketi, kisha akasimama mlangoni kumtazama akiondoka na kaka yake Latifu kwenda kupiga kambi Panyimur, kando ya Ziwa Albert. "Wewe mwaka kesho," baba alimwambia kila mara. Sajini akazikwa kabla huo mwaka kesho haujafika. Sasa Rabia alikuwa na wajukuu, na jambo lile bado lilimkaa kooni.

Basi mwaka huu akatangaza kwamba yeye na jirani yake Stella Kiden, muuza asali, watakwenda kulala ziwani. Latifu alicheka mpaka akakohoa. Hema la baba lilikuwa kwake, maana katika nyumba ile vitu vya jeshi vilirithiwa na mtoto wa kiume.

"Hema iko kitu ya wanaume," alisema. "Lakini sikia. Ijumaa natoka msikitini, nakuja kukaa ndani. Mvua ikapiga na kanzu yangu ikabaki kavu, mimi mwenyewe napeleka nyinyi na gari yangu mpaka Panyimur. Ikavuja, hema inarudi kwangu, nafunika mahindi."

"Kaka, leta hema," Rabia akajibu.

Watoto wa askari wana ugonjwa wao, nao ni usafi. Kwa Sajini Dumo hata jembe lilisuguliwa kabla halijalala. Hema lilipofika likinuka panya, Rabia hakumwuliza mtu. Alilitandaza uani, akalimwagia sabuni ya unga na kulisugua kwa brashi mpaka maji yakatoka meusi tii. Lilipokauka liling'aa, naye akazunguka uani akijisifu kwa sauti, kuku wakimpisha njia.

Alhamisi asubuhi wakalisimamisha ili walijaribu. Rabia aliingia ndani, Stella akapanda juu ya stuli na kumwaga jerikeni ya maji. Yakapita turubai lote kama chujio. Rabia akatoka kichwa chapachapa.

"Wee dada Rabia!" Stella akashika mdomo. "Umefua mpaka umetoa dawa yake ya kuzuia maji. Ile mafuta ya jeshi, sabuni imekula yote!"

Rabia akaketi juu ya ndoo na kulia. Alilia kwa hasira, maana mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomnyang'anya ziwa. Stella aliteremka haraka kumbembeleza, akasahau jerikeni aliyoibana kwapani, na maji yaliyobaki yakammwagikia kifuani. Aproni yake, aliyoivaa akichuja asali miaka na miaka, ilikuwa imeshiba nta. Maji yaliteleza yakaanguka chini, na gauni lililokuwa ndani halikupata hata unyevu.

Rabia akanyamaza ghafla. Akaishika ile aproni, akaigeuza.

"Stella, nta iko kwako?"

"Iko beseni mzima. Mutu gani ananunua?"

Walilianika hema mpaka likakauka, kisha wakaanza kulisugua kwa nta, kipande kwa kipande, viganja vikiwaka moto. Nyuma ya nta ikapita pasi ya mkaa, taratibu, ili iyeyuke na kuzama kwenye nyuzi. Uani kote kukanukia asali. Rabia hakuruka hata mshono mmoja.

Ijumaa wingu zito likapanda kutoka upande wa Kongo. Latifu akaja na kanzu yake nyeupe, akaketi katikati ya hema kama hakimu, wanawake wawili wakimtazama. Mvua ikashuka kwa fujo. Mara tone likadondoka kwenye kanzu, na Latifu akaruka.

"Hii nini? Hii nini? Inavuja!"

Rabia akatazama juu. Turubai lilikuwa kavu. Akamtazama kaka yake, akampangusa paji la uso kwa mtandio.

"Hiyo iko jasho yako, kaka."

Stella akacheka mpaka akalala chali. Latifu alipapasa paa, akapapasa pembe zote, kisha akakubali kwa kichwa.

Jumamosi gari lilisimama mlangoni. Mikono ya Rabia ilikimbilia mizigo yenyewe, kwa mazoea, na tayari alikuwa amelinyanyua hema. Akasita. Akalishusha miguuni pa Latifu.

"Kaka, funga mzigo."

"Mimi?"

"Wewe."

Rabia akapanda mbele, akafunga mlango, akachungulia dirishani. "Hiyo kamba imelegea. Baba angefungua yote."

Latifu akaifungua yote, akaanza upya bila kubisha. Stella akabanana na Rabia, Latifu akashika usukani, gari likanguruma. Wajukuu walikuwa wamejipanga mlangoni, palepale alipozoea kusimama yeye, wakipunga mikono. Rabia alitoa mkono wake nje akawapungia kwa nguvu, akicheka na kulia pamoja, mpaka gari likaingia barabara ya Arua.