Mama Maige Alipokwenda Kuiona Bahari

Vigelegele viliwafikia kabla hawajaziona nyumba. Maige, fundi kijana wa mgodi wa Mwadui, alikuwa ametumia likizo yake kumpeleka mama yake Bagamoyo aione bahari, na wanawake wa kijiji walijua kwamba wanarudi leo.

"Tuambie, Mama Maige," alisema jirani yao Apolonia. "Hayo maji yana chumvi kweli, au watu wa reli wanaofika pwani wanatudanganya?"

"Nimeyaonja. Mboga zako hazijawahi kukolea vile."

Wakacheka. Maige hakucheka. Kule ufukweni mama alimwona mhudumu wa hoteli aliyevaa kanzu nyeupe na tarbushi kichwani, akadhani ndiye mtemi wa wenyeji. Akapiga magoti mchangani na kumwamkia kama Wasukuma wanavyomwamkia mkubwa. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamuuliza Maige, "Huyu ni mama yako?" Naye, aliyejiona mjanja wa mjini, akajibu, "Simjui. Tulipanda basi moja tu." Mama alisikia. Alijipangusa mchanga, na safari nzima ya kurudi hakulitaja jambo hilo.

"Na mwanao alikutunza?" Apolonia aliuliza.

"Alinishika mkono mpaka majini," alijibu mama bila kumtazama Maige.

Uso ulimwaka Maige kwa aibu. Afadhali mama angemtukana mbele yao. Akatua sanduku, akamwambia mama yake, wanawake wote wakisikia:

"Mayu, nilikukana mbele ya watu. Tutakwenda tena Bagamoyo, na kabla hawajaniuliza, nitawaambia kwamba wewe ndiye mama yangu."