Mgongo wa Kijivu

Fundi bomba alikaa kama aliyekalia makaa. Binti yao alikuwa ndani, anapasuliwa ili ajifungue, na mkewe, badala ya kuwa na wasiwasi kama watu wengine, alikuwa ametoa darubini mkobani anatazama ndege dirishani, kwenye dimbwi chini ya tangi la hospitali. Tangi lenyewe lilivuja, na hilo nalo lilimkera.

"Mtikisa mkia," mkewe alisema, akampa darubini. "Wako wa aina mbili wanaofanana. Huyu ni yupi?"

"Wa njano."

"Njano wanayo wote, baba watoto. Tumbo lisikudanganye. Tazama mgongo, ni wa kijani kijani au wa kijivu?"

"Sioni. Hatulii."

"Asiyetulia ni wewe. Goti lako linarukaruka kama cherehani."

Akamwekea mkono juu ya goti, akalikandamiza. Fundi alitaka kumuuliza ni mama gani huyu, mtoto yuko chini ya kisu naye anachambua manyoya. Akayameza maneno, akaukaza mguu mpaka ukawa kama bomba la chuma.

Lakini bado kitu kilitetemeka juu ya goti lile.

Akashusha darubini. Mguu wake ulikuwa umetulia tuli. Kilichotetemeka ni mkono wa mkewe.

 Fundi aliinua tena darubini, akamtafuta yule ndege.

"Mgongo ni wa kijivu," alisema. "Haya, sasa nieleze habari ya miguu ya ndege huyu. Nieleze taratibu."